Nilipima Mita Mia Tatu za Kusimamisha Gari, na Sasa Zimejaa Mahindi

Kiminini,
Jumatatu, 3 Novemba 2025.

Mpendwa Bi. Jerono,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza naahidi kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayonifanya nionekane mbaya, kwa sababu mama husoma ukurasa wako kila Ijumaa akisubiri githeri iive, na husema kwamba huwezi kumsaidia mtu aliyekuficha nusu ya habari. Ukiichapisha barua hii tafadhali ubadilishe majina yetu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha tatu na niko nyumbani likizo ndefu. Kaka yangu Hillary ana miaka ishirini na minne na ni fundi wa magari Kitale, na ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, kusoma saa na kutoogopa hesabu, kwa hiyo usimfikirie kama mtu mbaya unapoendelea kusoma. Ana gari la zamani la samawati ambalo alilikuta limetupwa nyuma ya gereji, nyasi zimeota hadi kwenye viti, akalifufua kipande kwa kipande kwa miaka miwili, na sasa linakimbia kuliko magari ya watu wenye kazi kubwa. Tangu Agosti yeye na wenzake wamekuwa wakishindana, magari mawili mawili, kutoka mstari hadi mstari, kwenye ile barabara mpya ya lami inayotoka barabara kuu kwenda kwenye maghala ya nafaka, kwa sababu imenyooka kama rula, na Jumapili saa nne asubuhi karibu watu wote wako kanisani. Mimi huenda ibada ya kwanza, kwa hiyo saa nne huwa nimetoka.

Mara ya kwanza nilikwenda kutazama tu. Nilimkuta Kevin, rafiki yake Hillary ambaye ndiye huwapanga, akipima mita mia nne kwa miguu, huku anahesabu kwa sauti na kusalimia watu katikati ya hesabu, nami nikacheka nikamwambia amepita thelathini na sita mara mbili. Hillary akasema, "Basi njoo utupimie wewe, si uko na A ya fizikia?" Wote wakacheka, na Bi. Jerono, nakiri kwamba nilifurahi, kwa sababu nyumbani A yangu ya fizikia huwekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, na hapa palikuwa na watu waliotaka kuitumia.

Shuleni mimi ndiye hutunza tepu ndefu na saa ya mbio za riadha, na nilipofunga shule mwezi wa nane niliondoka na ile tepu, nikamwambia mwalimu wa michezo kwamba ni ya utafiti wa jiografia. Huo ni uongo wangu wa kwanza, na tepu bado iko chini ya kitanda changu. Hillary alishika upande mmoja nami mwingine, tukapima mita mia nne za mbio, nikachora mstari kwa chokaa na kuandika BREKI, kisha nikaendelea kuchora alama kila mita hamsini hadi kwenye daraja dogo la kijito, ambako barabara inapinda. Zilikuwa mita mia tatu kamili. Nilipiga hesabu kama Mwalimu Mbugua alivyotufundisha: gari likiwa kwenye kilomita mia moja na arobaini kwa saa, ukiongeza ile sekunde moja ambayo dereva huipoteza kabla mguu haujafika kwenye breki, litahitaji karibu mita mia moja na hamsini kusimama. Barabara ilikuwa na mara mbili ya hizo. Nikaandika MWISHO kando ya daraja, nikajiona nimeokoa maisha ya watu. Tangu siku hiyo wananiita Injinia.

Sasa nakueleza jambo la kwanza ambalo sikulitarajia. Kabla ya mistari yangu watu waliogopa, walisimama mbali kule shambani wakishika watoto mikono. Baada ya mistari walianza kusogea, kwa sababu Kevin aliwatangazia, "Msiogope bana, Injinia amepima, gari haiwezi fika hapa," nao wakaja wakasimama pale pale kwenye alama ya mia mbili, na wauza mayai ya kuchemsha wakaweka ndoo zao kwenye alama ya mia mbili na hamsini, na mimi nikawaona nikanyamaza, kwa sababu hesabu ilikuwa inasema ni salama.

Jambo la pili ni mahindi. Nilipima Agosti, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, na mimi niliyezaliwa Trans-Nzoia, niliyelala juu ya magunia ya mahindi nikiwa mtoto, sikukumbuka kwamba Oktoba ingefika. Wewe unajua jinsi lami inavyokausha vizuri kuliko uwanja wa udongo. Akina mama wa pande zetu walipoleta turubai zao barabarani walizikuta alama zangu, wakaona ni mipaka mizuri, wakagawana. Mama yangu ana kutoka hamsini hadi mia. Mama Edinah, jirani yetu, ana kutoka mia mbili hadi mia mbili na hamsini, na juzi nilimsikia akigombana na mwenzake, "Mstari wako ni ule! Si umeandikiwa na chokaa?" Kwa hiyo mahali nilipopima pa kusimamishia magari ndipo yanapoanikwa mahindi ya kijiji kizima. Jumapili wanayakusanya kando na kuyafunika ili waende kanisani, lakini punje zilizomwagika zinabaki kwenye lami, nyingi, na hakuna anayeziona kuwa kitu.

Jana Hillary alishindana na kijana wa Webuye akamshinda. Alipofika BREKI akakanyaga, na gari halikupunguza mwendo kama siku zote, liliteleza kwa sauti ya ajabu kama mvua ya mawe juu ya mabati, likageuka ubavu, watu wakaruka huku na huku, likapita alama ya mia mbili, likagonga fungu la mahindi la Mama Edinah na kusimama. Mama Edinah hakuwa amekwenda kanisani kwa sababu ya mbuzi wanaokula mahindi yake. Alikuwa ameketi kwenye gunia na ufagio wake mkononi, na kutoka mlango wa gari hadi magoti yake zilikuwa hatua mbili. Nilizipima baadaye. Mita moja na sentimita sabini.

Hakupiga kelele. Alimtazama Hillary akitoka garini, akasema, "Wewe mtoto, mimi nilikubeba mgongoni ukiwa na surua. Leo ulitaka kunifagia pamoja na mahindi yangu?"

Hillary akasema, "Pole, mama, pole sana," akapiga magoti na kuanza kuzoa punje kwa viganja. Lakini vijana walianza kucheka kwa sababu hakuna aliyeumia, na Kevin akaniita kutoka mbali, "Niaje, Injinia! Ati hesabu zimeteleza?" nao wakacheka zaidi, wakamsaidia Mama Edinah kuzoa mahindi yake, na wakaona mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Tarehe ishirini na tatu mwezi huu, Jumapili, Hillary atashindana na Ngige wa Kitale, ambaye hajawahi kushindwa, na watu watakuja kutoka Bungoma na Webuye na hata Suam. Hillary amebadilisha injini, anasema sasa anafika mia moja na sabini. Pia kuna mtu wa klabu ya mbio za magari kutoka Eldoret ambaye Kevin anasema atakuja kutazama, na akimpenda Hillary atamchukua, na Hillary amengoja nafasi kama hii tangu lile gari likiwa nyasi. Jana jioni alipokuwa ananawa mafuta mikononi nilimwambia habari ya mahindi, akasema, "Tutafagia."

Nikamwambia, "Umewahi kuona mtu akimaliza kufagia mahindi?"

Akacheka kidogo, kisha akasema bila kucheka, "Sikiza, Nabwile. Hiyo siku iko, ikiwa na wewe au bila wewe. Usipokuja, Kevin atapima na miguu yake, na unajua vile Kevin anahesabu."

Leo asubuhi nilikata kipande cha tairi kuukuu, nikakipakia matofali hadi kikawa kilo kumi, nikakivuta kwenye saruji ya uwanja wetu kwa mizani ya kuning'iniza. Kwenye saruji tupu mizani ilisoma kilo saba kabla hakijasogea sawasawa. Nikamwaga punje za mahindi chini yake, ikasoma mbili na nusu. Nikarudia mara tano. Kisha nikapiga hesabu upya kwa mwendo wa mia moja na sabini, na hesabu inataka mita mia nne na tisini. Barabara ina mia tatu, kisha kuna daraja, na kabla ya daraja kuna watu ambao nimewaambia kwamba ni salama.

Sijamwambia mama. Baba ni karani wa serikali Bungoma na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili, na mwaka jana alimwambia Hillary mbele yetu sote kwamba akisikia lalamiko moja tu juu ya lile gari ataliuza na Hillary atakwenda Bumula kulima kwa babu, na baba hajawahi kusema kitu asikitende. Nikisema, kaka yangu anapoteza gari, kazi, na mtu wa Eldoret, na atajua ni mimi. Niliwaza hata kuwaomba akina mama waanike mahindi barabara nzima siku hiyo ili pasiwe na mahali pa kukimbilia, lakini naogopa. Na bado naamini, Bi. Jerono, kwamba jambo hili linaweza kufanywa vizuri mahali fulani, na watu wenye kujua, kwa sababu nimemwona Hillary akiliendesha gari lile na sidhani Mungu alimpa kipaji hicho bure.

Nambari ya simu iliyo hapa chini ni ya Kabura, rafiki yangu wa darasa, ambaye atanisomea jibu lako mara moja. Naomba usikawie, na naomba ujibu hili tu: je, niende nikawapimie upya, ili angalau watu wasimame mahali panapofaa, au nisiende, halafu wapime kwa miguu ya Kevin?

Wako mtiifu,
Injinia wa Chokaa.

*

JIBU

Injinia wangu,

Barua yako imenifikia leo, Jumatatu tarehe kumi, na naijibu leo. Wenye barua zilizotangulia watanisamehe. Jibu hili nalituma sasa hivi kwa simu ya rafiki yako, na Ijumaa litakuwa gazetini pamoja na barua yako. Soma tena sentensi hiyo, kwa maana nitairudia mwishoni.

Usiende kupima. Hata mita moja. Umeniuliza nani ashike tepu, wewe au Kevin, na mimi nakwambia kwamba tepu si shida. Wewe mwenyewe umeeleza vizuri kuliko ninavyoweza: watu walipoogopa walisimama shambani, na walipoambiwa Injinia amepima walikuja na watoto na ndoo za mayai. Ukipima upya watasogea tena. Mstari wako hauna nguvu ya kusimamisha gari, ila una nguvu ya kuwaondolea watu woga, na siku ya ishirini na tatu woga ndio utakaowasaidia. Kama Kevin atapima kwa miguu, basi na apime, na watu waone wazi kwamba ni Kevin na miguu yake.

Nitakugombeza kidogo, kisha tuendelee. Uliona watu wakisimama kwenye alama ya mia mbili ukanyamaza kwa sababu hesabu ilikuruhusu. Hesabu haikuruhusu kitu. Hesabu ilikwambia gari zuri, breki nzima, dereva makini na lami kavu, na wewe ulijua kwamba dunia haiwi hivyo kila Jumapili. Na ile tepu irudishe kwa mwalimu wako shule zitakapofunguliwa, na umwambie ilikuwa ya nini. Ataudhika. Utapona.

Kabla ya kazi hii ya kalamu nilikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa, mingi yake katika wodi ya mifupa. Wakati mwingine waliletwa madereva. Mara nyingi zaidi waliletwa waliokuwa wamesimama. Ukiwauliza walikuwa wamesimama wapi, walikuwa na jibu moja: pale tulipoambiwa. Sitaki kukutisha zaidi ya hapo. Sentimita mia moja na sabini zimeshafanya kazi hiyo, na nimeona kwamba ulirudi kuzipima. Mtoto asiyejali hafanyi hivyo.

Sasa fanya hivi. Leo, Hillary atakapotoka kazini, usimpe maneno, mpe mizani. Yeye ni fundi, mkono wake unaamini kitu unachokihisi. Mwache avute lile tairi mwenyewe kwenye saruji tupu, kisha mmwagie mahindi avute tena, na usiseme lolote mpaka aulize. Akiuliza mpe namba mbili, mia tatu na mia nne na tisini. Ulimwona akipiga magoti kwenye mahindi yale, kwa hiyo nusu ya kazi imeshafanyika. Kumbe hata yeye alijua, ila mbele ya wenzake alikosa mtu wa kumsaidia kusema hapana.

Lakini akikubali au akikataa, kesho unamwambia mama yako. Usiifanye siri hii iwe zawadi ya kaka yako. Mbio hizi si za Hillary peke yake, na hata yeye akijitoa, Ngige atakuja na mwingine atapanga gari kando yake. Mama yako na Mama Edinah waende pamoja kwa naibu wa chifu wiki hii, waeleze siku na saa, na waombe polisi wa barabara wawepo asubuhi ile kabla gari la kwanza halijafika. Wao wana haki ya kusema, kwa sababu mmoja nusura afe na mwingine mahindi yake yako kwenye alama ya hamsini. Na lile wazo la kuanika barabara nzima litupe kabisa. Ulikuwa sahihi kuogopa. Vijana hawataona ukuta pale, wataona mahindi tu, nao watayakanyaga.

Kuhusu baba yako, mwache mama azungumze naye. Ni mume wake, anajua mlango wa kuingilia. Ila mwambie mama jambo moja kutoka kwangu: kumnyang'anya kijana gari na kumpeleka Bumula kutamfanya atafute gari lingine na barabara nyingine, ambako hakuna dada mwenye mizani. Bora gari libaki uwanjani, funguo akae nazo baba, mpaka wazungumze kama watu wazima wawili.

Na yule mtu wa Eldoret. Simjui, na huenda ni mtu mwema, lakini nakuomba umwambie Hillary amtafute yeye mwenyewe, bila kumpitia Kevin, amwulize maswali haya: barabara yenu imefungwa kwa idhini ya nani? Baada ya mstari wa mwisho kuna nafasi kiasi gani ya kusimama, na nani huifagia? Watazamaji wako nyuma ya ukuta gani? Nani hukagua breki na mikanda na helmeti, na gari la wagonjwa huegeshwa wapi? Na nani ana uwezo wa kusema leo hakuna mbio, nyote mrudi nyumbani, na akatiiwa? Mtu wa klabu ya kweli atafurahi kuulizwa. Asiyeweza kujibu hajaja kumchukua kaka yako popote. Unaamini jambo hili linaweza kufanywa vizuri mahali fulani. Nami naamini. Mahali hapo hutapatambua kwa kasi ya magari, utapatambua kwa kuwa kuna mtu mmoja pale ambaye kazi yake ni kukataa. Kazi hiyo inakufaa sana, na ukimaliza shule uitafute.

Kabla ya hapo kuna kazi ndogo. Chukua ndoo ya maji na ufagio mgumu, uende mchana kweupe ukafute BREKI, ukafute MWISHO, na kila alama iliyo katikati. Akina mama watalalamika kuhusu mipaka yao. Waache walalamike, watagawana kwa mawe.

Nilisema nitarudia. Majina yenu nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini mwanamke anayeanika mahindi kati ya alama ya hamsini na ya mia hahitaji jina ili ajitambue, na Ijumaa githeri itakapokuwa jikoni atalifungua gazeti hili. Sikufanya hivyo kwa kukusaliti. Nimefanya hivyo kwa sababu kuna siku kumi na tatu tu, na siri ya mtu mmoja siwezi kuilinda kuliko maisha ya wengi. Kwa hiyo una jioni nne. Nataka afike kwenye ukurasa huu akiwa anajua tayari, na awe amesikia kutoka kwako.

Kesho saa kumi na moja mtakuwa mnaanua mahindi, wewe upande mmoja wa turubai na yeye upande wa pili. Shika pembe zako vizuri, na kabla hamjakunja, mwambie.

Bi. Jerono.